Ovaroli Ile, Ni Mimi Niliyeshona

Mjukuu wangu Mapendo, wewe uliyeko huko Uingereza,

Ni mimi kambo yako, mama wa mama yako. Mimi nasema, Mama Wairimu anaandika. Unamjua, yule Mkenya wa benki anayeimba sauti ya pili kanisani. Kiswahili changu cha Kalemie, cha Kongo, kinamsumbua, kila saa ananiuliza "hapo unamaanisha nini?" Nimemwambia andika tu, huyo mtoto mwenyewe Kiswahili chake nusu ni Kiingereza, hatakucheka. Jumamosi benki inamtuma London, na mzigo wako atakuja nao yeye.

Ningepiga simu, lakini simu yetu mimi na wewe naijua. Nikianza kulia utasema, "Kambo, nyamaza, kwanza umekula nini leo?" na maneno yote yanaishia kwenye ugali. Leo nataka nifike mwisho.

Ovaroli yako ya mbio imefika Jumatatu. Nyeupe, nzito, nzuri. Ndani umeweka kigurudumu cha uzi na karatasi yenye jina lako limechorwa. Halafu ile sauti yako kwenye simu: "Kambo, jina wanaweza kuliweka hapa kwa mashini, dakika mbili tu. Lakini mimi nataka mkono wako." Nimeisikiliza mpaka mama yako akasema mama, utamaliza betri. Leo Alhamisi, sijagusa sindano. Ovaroli imelala katikati ya kitanda kama mgeni wa heshima, mimi najibana pembeni kwenye ukuta. Kwa nini naogopa, ndiyo hiyo nataka kukuambia. Ila nitazunguka kidogo, unanijua.

Unakumbuka mwaka ule wa elfu mbili kumi na tano, umeme unakatwa kwa zamu, Yeoville yote hapa Johannesburg giza na jenereta za saluni zinalia? Mafundi wenzangu wenye mashini za umeme wamekaa mlangoni wamekunja mikono, mimi na mashini yangu ya kukanyaga kwa miguu nashona tu. Wewe una miaka kumi na miwili, unaingia chini ya meza, unanitoa miguu, unakanyaga pedali kwa mikono. "Kambo, shika kona, naongeza mwendo!" Uliniharibia sketi ya mke wa mchungaji siku ile. Mshono ulikwenda mpaka kwenye mfuko. Nilikuchapa kanga mgongoni, na wewe unacheka.

Mwaka huo huo baba yako akakupeleka kazini kwake, gereji ya mzee Naidoo kule Malvern, Jules Street. Mzee Naidoo alikuwa na karti ya mtoto wake, kagari kale kadogo ka mbio, mtoto mwenyewe amekachoka. Ukakaa. Baba yako alirudi nyumbani akavua kofia, akasema, "Mama, huyu binti hafungi breki mahali ambapo watu wanafunga." Nikadhani ni mashtaka. Nikasema basi mkataze. Kumbe alikuwa anakusifu!

Kanisani walisema. Mtoto wa kike asomee unesi. Na mimi nilisema hivyo hivyo, sikatai, nilisema zaidi yao. Mpaka ile Jumapili ulipokuja umevaa helmeti sebuleni, ukaniambia dereva anavunjika shingo kwenye kona kama shingo ni laini, lazima avutwe ili ikomae. Unakumbuka? Nikachana kipande cha kitenge, tukafunga kwenye helmeti. Mimi kwenye kochi navuta, wewe kwenye kigoda unakataa kuvutwa. "Kona ya kulia, Kambo!" Navuta kulia. "Kona ndefu!" Navuta, huku nakuhadithia samaki wa Kalemie na babu yako alivyokuwa anajifanya hanioni sokoni. Miaka miwili tulivutana hivyo. Mikono yangu ilikomaa kuliko shingo yako. Ukipanda mlima wa Observatory unakimbia na helmeti kichwani, watoto wa pale wanapiga kelele, "Eish, mtu wa mwezini!" na mimi huku chini na mfuko wangu wa vitambaa nawajibu, huyo ni wangu.

Bo, haya, sasa nafika.

Ukatoka kwenye karti, ukapewa gari la kweli la mtu mmoja, lile halina paa, magurudumu yamekaa nje kama miguu ya buibui. Gari la mzee Naidoo, la zamani, baba yako ameliunga mpaka likanguruma. Ovaroli ulipewa iliyotumika, ya kijana mmoja mrefu. Miguu inaburuta, kiuno wanaingia wawili kama wewe. Na siku chache mbele ndiyo mbio zile, wanakuja watu wa ng'ambo kuchagua kijana mmoja wakampe kiti cha udereva huko. Nikasema lete hapa.

Uliniuliza, Mapendo. Hii ndiyo naikumbuka kila nikikaa kwenye mashini. Ulisimama karibu na dirisha, ukashika uzi wangu, ukasema, "Kambo, hii uzi iko sharp, inafaa? Mzee Naidoo alisema nguo ya mbio si kama nguo ingine." Na mimi nikakujibu namna gani? "Unaniuliza mimi? Nimeshona magauni ya maarusi kabla mama yako hajaota meno!" Ukauachia uzi, ukasema, "Sawa, Kambo, pole."

Ulikuwa uzi wa nailoni. Ule nashonea mifuko ya wafanyabiashara, wanajaza vitu mpaka Lubumbashi na haukatiki. Mimi nilijua jambo moja tu, uzi mzuri ni uzi ambao haukatiki. Nikakata miguu, nikabana kiuno, nikapita tabaka zote kwa mishono miwili miwili. Ilikukaa vreman, kweli kabisa, kama ulizaliwa nayo.

Siku ya mbio ndiyo mara yangu ya kwanza kuja uwanjani. Nimevaa gauni la Pasaka, nimebeba mikate na kuku. Madereva wamepanga mstari kwenye meza ya ukaguzi, kila mtu na helmeti na nguo zake. Yule mkaguzi, mzee wa kaptula, soksi ndefu mpaka gotini, amechomeka kitana kwenye soksi. Nikacheka kitana chake. Nilikuwa bado nacheka alipoigeuza ovaroli yako ndani nje.

Akavuta uzi mmoja kwa koleo ndogo. Akatoa kiberiti cha gesi. Ule uzi wangu usiokatika ulijikunja, ukawa tone jeusi, likaanguka kwenye saruji linatoa moshi. Hakuna aliyehitaji kunitafsiria. Nilijiona mimi nimekushonea moto mwilini, kwenye kiuno, kwenye miguu, mishono miwili miwili.

Halafu akauliza kwa Kiingereza, nani ameshona hii? Mapendo, Kiingereza changu ni cha dukani, lakini swali hilo nalijua. Miaka yote wanawake wa Rockey Street wakipenda gauni la mwenzao wanauliza hilo hilo, nani ameshona hii, na mimi nanyoosha mkono kabla hawajamaliza. Siku ile mkono ulibaki chini, umeshika mfuko wa mikate.

Na wewe ukasema, "Mimi."

Umri wa miaka kumi na minne. Ukamwangalia usoni ukasema mimi. Akakugombeza mbele ya vijana wote, kwamba ovaroli ya mbio haikatwi, haibanwi, na ukiweka jina juu yake uzi uwe ule usioshika moto na sindano isipite tabaka la kwanza. Baba yako ndiye alinieleza baadaye. Akaandika kwenye karatasi yake, akakuzuia kuingia kupima muda, pale wanapopanga nani aanze mbele. Mimi nilikuwa mbali kama kutoka hapa mpaka kwenye jiko. Ningepiga hatua nne.

Nimejisemea mengi. Kwamba sisi wageni mtu mwenye kalamu na karatasi akiuliza "nani", mdomo unajifunga wenyewe, tumefundishwa na foleni nyingi. Ni kweli, lakini si yote. Niliona haya. Fundi mzima, na gauni la Pasaka.

Yule kijana Mzungu wa Kiafrikana, Ruan, ambaye kila wiki mlikuwa mnagombana, ndiye alikuletea ovaroli yake ya akiba. Akasema, "Nataka nikushinde ukiwa kwenye gari, si ukiwa kwenye kiti cha mashabiki." Mikono umekunja mara tatu, umebana kwa utepe. Ukaanza wa mwisho kabisa. Mimi nilifumba macho, mama yako ananihesabia: amepita mmoja, amepita wawili, mama fumbua macho! Ulimaliza wa saba. Ruan wa pili. Watu wa ng'ambo walikuwa wameshaandika jina la waliyemtaka, na halikuwa lako. Mwaka mzima ulipotea pale, kwenye tone moja la nailoni.

Kwenye gari tukirudi, tumebanana wote mbele. Tumesimama kwenye roboti, taa za barabarani, nyekundu, ukageuka ukasema, "Kambo, kuku yupo bado?" Ukala mapaja mawili. Hukuwahi kuniuliza kitu. Baba yako mpaka leo anadhani ulimwambia yule mzee hivyo kwa sababu ya hasira. Mimi ndiye najua ulikuwa unanificha, na wewe.

Mwaka uliofuata walirudi wakakuchagua, na ovaroli ulipewa mpya, na mimi sikuigusa hata kuikunja. Kwenye uwanja wa ndege ulinikumbatia ukaninong'oneza, "Nani atanivuta shingo?" Nilitaka kusema siku ile. Wakaita ndege.

Leo unaniambia umemaliza mbio za fomula ya nne, mwezi ujao wanakujaribu kwenye ya tatu. Ngazi gani hiyo inahesabiwa kurudi nyuma, mimi sielewi, lakini baba yako anasema ni kupanda, na ukifika ya kwanza hakuna nyingine juu. Amebandika kalenda gereji. Mzee Naidoo kila mteja anayeleta gari la kubadilisha oili lazima asikilize habari zako ndipo apewe funguo.

Mama Wairimu amechoka mkono. Tunakunywa chai.

Haya, leo ni Ijumaa, amerudi.

Jana alipoondoka niliwasha jiko la gesi. Nilikata kipande cha ule uzi wako, nikakishika na kibano cha nyusi cha mama yako, nikakipeleka kwenye moto. Moyo unanipiga kama ndiyo mimi naingia kwenye kona. Uzi ukawa mweusi kidogo. Basi. Haukujikunja, haukudondoka. Nikakata kingine, nikakishika mpaka kibano kikaniunguza. Mama yako akaingia, "Mama, unapika nini?" Nikamwambia napika uzi. Halafu nikamwambia na mengine yote, ile meza ambayo yeye hakuwepo, lile swali, ulivyojibu. Akakaa chini. Akasema, "Kumbe ndiyo maana hukuwahi kushona tena nguo ya Mapendo." Baba yako nitamwambia leo akirudi, mwenyewe, kabla Mama Wairimu hajapanda ndege.

Asubuhi nilinawa mikono, nikavaa miwani, nikaiamsha ovaroli kitandani. Kwa mkono, si kwa mashini. Herufi mimi sizijui, nimefuata ulivyochora: mlima wa vilele viwili, kisha nyumba yenye dari, mpaka mwisho. Kila nikichoma sindano kidole changu cha kushoto kiko ndani, kinasikiliza. Sindano ingepita tabaka la kwanza kidole kingejua. Haikupita. Nimemaliza kabla ya chakula cha mchana, na Mama Wairimu amesoma akasema jina limenyooka.

Mapendo, ovaroli ile ni mimi niliyeshona. Ulijua, lakini nataka usikie kwangu. Uliniuliza vizuri nikakujibu vibaya. Ukabeba swali langu mbele ya watu. Nisamehe, mama.

Ndani ya bahasha hii kuna kipande cha uzi, urefu wa kiganja. Ni ule ule nilioshonea jina lako. Huko lazima wana mkaguzi wao, sijui kama na yeye anavaa soksi ndefu. Akitaka kuchoma, mpe hicho, achome atakavyo, asiguse jina. Na akikuuliza nani ameshona hii, safari hii usijibu "mimi." Mwambie ni kambo yangu, fundi wa Yeoville, Johannesburg. Mimi huku kwenye mashini yangu nitakuwa nimeshanyoosha mkono.

Ule vizuri, na shingo uitunze.

Kambo yako,
aliyekuvuta na kitenge