Mamba Niliyemtunga

Mjukuu wangu Deo,

Usione wivu, mume wangu mdogo. Huu ni mwezi wa pili tangu nifunge ndoa uzeeni na Fabiani wangu, na majirani hapa mtaani Rahaleo wameshachoka kuniona natabasamu. Mama yako hajambo, yuko shambani anaokota korosho.

Umeuliza kama Ijumaa uongeze chumvi kwenye ushuhuda wako, kwa kuwa wenzako chuoni huko Korea wana visa vikubwa vya kuitwa na Mungu.

Mimi niliongeza. Kule Zambia, nilipokuwa msichana kwenye chuo cha wamisionari, nilishuhudia kwamba mamba wa Ruvuma alinikamata mguu, nikamwita Yesu, akaniachia. Watu walilia. Mkuu wa chuo akaagiza nirudie Jumapili mbele ya wafadhili. Fabiani, Mtanzania mwenzangu pekee, akaninong'oneza, "Dada Agnesi, kovu liko mguu gani?"

Nilijua kwamba nikikiri, huenda nikafukuzwa.

Jumapili nilisimama mbele ya wafadhili. "Hakuna mamba," nikasema. "Shangazi alinijazia fomu ya chuo, nami nikaja kwa sababu napenda kuimba."

Mkuu alinitazama toka juu hadi chini.

"Basi imba," akasema.

Ubeti wa kwanza niliimba peke yangu. Wa pili, Fabiani akaingia na besi.

Sikufukuzwa. Nilipewa adhabu ya kufyeka nyasi mwezi mzima, na Fabiani akaja na fyekeo lake bila kutumwa.

Ijumaa ukisimama, sisi wawili tutakuwa tumepiga magoti huku.

Bibi yako,
Agnesi, mke wa Fabiani