Nani Ashike Kibao cha Silanga

Jumamosi, alasiri. Mwezi wa tisa. Jua limesimama tu, upepo hakuna, mabati yanalia tik, tik, kwa joto.

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Sijamwambia Mama. Hata kanisani, pale tulipoambiwa tufumbe macho na kila mtu amwambie Mungu lake, mimi nilimwambia mengine.

Ni mimi niliyemtaja Babu.

Basi, nimeandika.

Wacha nianze vizuri, maana nikisoma daftari hili nikiwa mtu mzima nitakuwa nimesahau. Wageni wa kanisa walituletea saruji, nondo na mabati, vitu vya kutosha kujenga kitu kimoja. Kimoja tu. Wengine wakasema tujenge bweni la wasichana pale sekondari yetu ya harambee. Wengine wakasema tuchimbe silanga, lile bwawa la kukinga maji ya mvua, na saruji ijenge ukuta wake. Kanisa likagawanyika katikati. Watu waliokuwa wakikopeshana chumvi wakaanza kusalimiana kwa kidevu.

Naibu wa chifu akasema tupige kura kwa mlolongo, vile tulivyofundishwa mwaka huu kuchagua wabunge. Unasimama nyuma ya unachokitaka, unahesabiwa, kwisha. Akaniita mimi niandike vibao viwili kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Mimi siongei mbele ya watu, lakini kuandika naandika. Nikaandika BWENI kwenye kadibodi moja, na SILANGA kwenye nyingine.

"Sasa wewe mwenye kalamu," akaniuliza, akitazama saa yake. "Cha bweni atashika mwalimu Kalondu. Hiki cha silanga ashike nani?"

Nikasema, "Babu."

Neno moja. Akasema vizuri sana, mzee wa heshima, na akaenda.

Heshima ndiyo iliyoharibu. Babu ana wana saba, na ndugu zake wamezaa wengine, kwa hivyo nusu ya wanawake wa kijiji hiki ni wake wa wanawe. Na sisi tuna nthoni, ile heshima iliyochanganyika na aibu. Mke hakaribiani na baba mkwe. Hampiti mbele, hamwiti jina, hamgusi hata nguo. Mama yangu akimpelekea Babu uji anaweka bakuli juu ya kigoda na kurudi nyuma, miaka yote hii.

Siku ya kura naibu akasema wamama waanze, warudi nyumbani wakapike. Halafu akasema kila mtu amshike wa mbele yake bega, asije mtu akahesabiwa mara mbili.

Amshike bega!

Bado naliona jua la siku ile. Babu amesimama peke yake, kofia kifuani, kibao changu katika mkono wa pili, na nyuma yake hakuna mtu. Udongo mwekundu mtupu. Wanawake wote waliokuwa wakiimba wimbo wa silanga mtoni wiki nzima wamerundikana kando, wanatazama vidole vya miguu, hata wasio wake wa wanawe wanaona haya kutangulia. Naibu akapaza sauti kwamba asiye kwenye mstari hana kura. Basi wengine wakaona heri hivyo kuliko kukosa kabisa, wakaenda kumshika bega mwalimu Kalondu. Wengine, pamoja na Mama, wakabaki kando mpaka mwisho. Wanaume walipokuja wengi walisimama kwa Babu, lakini wamama walikuwa wameshahesabiwa, maji yameshamwagika.

Bweni likashinda kwa watu sita.

Je, nilijua? Hilo ndilo swali ninalozunguka nalo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sikukaa chini nikapanga. Lakini nilipofungua kinywa kusema "Babu," kuna kitu kidogo ndani yangu kilitabasamu. Nilikiona. Nikakigeuzia mgongo.

Kwa sababu mimi nalitaka bweni.

Nalitaka sana, mpaka nikiwa darasani naliona ukutani. Kitanda cha chuma, changu. Blanketi ya kijivu. Karabai inavuma katikati ya chumba na wasichana ishirini wameinamia vitabu, hakuna anayeitwa akachote maji. Sasa hivi natoka hapa giza bado liko, nafika shuleni miguu ikiwa na vumbi hadi magotini, na jioni nikirudi nachukua mtungi naenda kufukua mchanga mtoni. Mwenzangu Mumbua alichoka kutembea, akapanga chumba nyuma ya maduka pale Zombe, karibu na shule, na wasichana wengine wawili. Mlango wake ulikuwa wa kufungwa kwa kamba. Sasa Mumbua ananyonyesha, na dawati lake nimekalia mimi. Bweni lingekuwa na komeo.

Hiyo nayo ni kweli. Hainifutii kosa, lakini ni kweli.

Leo asubuhi mtoni wanawake walikuwa wengi, kila mmoja na shimo lake kwenye mchanga, wanangoja maji yachuruzike. Mimi nilikaa ndani ya shimo letu, kichwa tu ndicho kilichokuwa nje, nachota kwa kikombe. Jirani yetu Mama Mutua ndiye aliyeanza.

"Ati tulipiga kura. Kura gani? Nimshike baba mkwe bega mchana, jioni nimpelekee uji na macho gani?"

"Ungemshika kwa fimbo ndefu," mwingine akasema. "Kama mtu anayeangua papai."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga kikombe chake. Halafu kicheko kikaisha ghafla, vile kicheko huisha watu wakikumbuka wamechoka.

"Irudiwe," Mama Mutua akasema.

Na Mama yangu, ambaye hasemi sana, tabia hiyo nimeichukua kwake, akasema bila kuinua kichwa, "Irudiwe, lakini si kwa mistari. Kila mtu aingie peke yake ndani ya nyumba, atie punje kwenye mtungi. Hindi ni bweni, mbaazi ni silanga. Nani atajua ulitia nini?"

Ni maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiyasema mbele ya watu.

"Sasa wewe," Mama Mutua akanigeukia pale shimoni, "unajificha huko chini kama kenge. Tuandikie barua kwa Bwana D.O., mkubwa wa machifu. Kwa Kizungu! Kizungu kizito, kile cha kumfanya atafute kamusi."

Nikasema ndiyo, Mama Mutua.

Ningesema nini kingine?

Jumatatu mafundi wanaanza kuchimba msingi wa bweni. Mama ataichukua barua leo hii, amkabidhi pasta anayekwenda mjini Kitui kesho baada ya ibada. Ikichelewa, msingi utakuwa umechimbwa na hakuna la kuzungumza.

Naanza kuiandika, naacha. Natazama nje. Ng'ambo ya boma, joto limeifanya ardhi itetemeke, na pale bondeni ambapo silanga ingechimbwa naona maji kabisa, maji ya kudanganya, yanang'aa halafu hayapo. Usiku wa kuamkia leo niliota vitanda vya bweni vinaelea juu ya silanga. Vitanda ishirini, taratibu, na vyura wanaimba chini yake. Mama alikuwa amekaa kwenye kimoja, ameloweka miguu, hana haraka. Nilipoamka nililia kidogo kwa sababu ndani ya ndoto hakuna aliyetuambia tuchague.

Mwalimu mkuu alituambia kwenye gwaride la Ijumaa kwamba uchaguzi si mtihani wa kurudia. Alisema tukirudia kila mara mtu akinuna, tutapiga kura mpaka Yesu arudi. Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba darasa la nane nilirudia. Nilikuwa na malaria siku ya hesabu, nikaanguka mtihani, na mwaka uliofuata nikapita. Hakuna aliyesema nimemwibia mtu. Walisema sasa tumejua alama zake za kweli.

Lakini yeye naye ana jambo. Wale waliolitaka bweni kwa moyo wao wote walisimama juani vilevile. Mama yake Mumbua alisimama pale wa kwanza, amemshika mwalimu Kalondu bega kwa nguvu kama mtu anayevuka mto. Kura ikirudiwa, nimwambie jua lile lilikuwa la bure? Na silanga ikishinda, bweni ndiyo basi. Wageni hawarudi na saruji nyingine. Nitatembea kidato cha tatu na cha nne chote, na wadogo zangu baada yangu.

Na Babu. Babu hataki kusikia habari ya kurudia. Tangu siku ile haendi sokoni. Juzi alikuwa akinoa panga lake nyuma ya ghala, akasema kama anaongea na panga, "Nilidhani nina watu." Akanoa tena. "Kumbe nina majina ya watu."

Sidhani amewahi kufikiria heshima yake ina uzito gani kwa wale wanaoibeba. Anaamini wake wa wanawe wamemkataa, na mimi ninayejua kwamba walikuwa wakimheshimu kupita kiasi nimekaa kimya hatua tatu kutoka kwake nikimenya mahindi.

Barua ya kwanza niliiandika kwa Kizungu, kama nilivyoagizwa. Ilitoka nzuri, nzito, D.O. angetafuta kamusi kweli. Niliandika kwamba mzee fulani alichaguliwa kushika kibao, na kwamba kwa sababu ya mila kura haikuwa huru. Nikaisoma tena. Mzee alichaguliwa. Mwalimu wetu wa Kiswahili angezungushia hapo wino mwekundu na kuandika pembeni, kama anavyoandika kila insha yangu: na nani?

Nilikaa na swali hilo mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye jiwe la kunolea.

Halafu nikachukua karatasi nyingine. Nimeandika kwa Kiswahili, ili ikisomwa hapa nyumbani kila mtu aelewe kabla haijaenda kokote. Nimeandika habari ya mabega. Nimeandika habari ya punje na mtungi, nikasema ni shauri la Mama, na nikamtaja jina lake, kwa sababu naye hajawahi kuandikwa mahali popote isipokuwa kwenye kadi ya kliniki. Nimeandika kwamba waliolitaka bweni hawakukosea kitu, na wao pia watie punje zao, na zikishinda tena nitashangilia kuliko wote. Mwisho nikaandika: "Aliyemchagua Babu kushika kibao ni mimi, mjukuu wake. Nilijua wanawake hawataweza kusimama pale." Nilianza kuandika "nadhani nilijua." Nikakata neno la kwanza.

Chini nimetia jina langu kamili, la ubatizo na la nyumbani.

Kidole changu kina wino. Najisikia mwepesi kwa namna ya ajabu, kama ule wepesi wa homa inaposhuka, wakati kitanda kinaonekana kiko mbali na ardhi. Pengine Mama ataisoma na hatanipa barua nyingine ya kuandika maisha yangu yote. Pengine Mama yake Mumbua atanipita njiani. Jumatatu nitaketi dawati lile nisikie majembe yakichimba msingi, au nisiyasikie. Sijui ni sauti gani nitaiogopa zaidi.

Kuna mtu uani.

Si Mama, Mama anatembea kimya. Hivi ni viatu vya tairi, na sasa kikohozi, kile cha makusudi ambacho Babu hukohoa akiwa bado mbali, ili wake wa wanawe wapate nafasi ya kumpisha. Hakuna wa kumpisha. Niko peke yangu. Babu anasoma Kiswahili, alikisoma jeshini, polepole, midomo ikitembea.

Amekohoa tena, karibu na mlango.

Daftari hili naliingiza chini ya kitambaa cha meza. Barua naiacha juu, wazi, imeelekea upande ule atakaoketi.