Mgeni Aliyekubali Kukataliwa

Gikondo, Jumamosi, 14 Februari 2026. Leo nimetimiza miaka ishirini na tisa, miezi minne na siku sita tangu nitoke Tukuyu, na kwa muda wote huo, Shangazi Flaviana, nimeliandikia gazeti mara moja tu, kulalamikia chemshabongo iliyokuwa na jibu lisilo sahihi. Safari hii kosa ni langu na sijui pa kulipeleka, ndiyo maana nakuomba unisaidie, wala usinifiche jina, maana hakuna Lusekelo mwingine Gikondo.

Nilikuja hapa kwa Wanyarwanda nikiwa karani wa forodha kwenye maghala, nikastaafu, nikabaki na vitabu vyangu na jirani yangu Gaudiose, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, ambaye huuza nyanya kwa jumla katika soko la Nyabugogo. Ni yeye aliyenitia katika kazi ya usemaji. Mwaka 2004 mpwa wake alikuwa anaolewa, msemaji wa familia akaamka hana sauti, Gaudiose akaniambia, "Muzehe, wewe unasoma vitabu, maneno haiwezi kukuishia," nikasukumwa mbele ya watu nikiwa na koti la kuazima. Tangu siku hiyo nimekuwa msemaji wa upande wa bibi harusi mara arobaini na moja.

Wewe desturi unaijua, lakini kwa ajili ya wasomaji wako wa mbali: siku ya gusaba, wakwe wanapokuja kuomba msichana, msemaji wetu haruhusiwi kukubali. Lazima akatae kwanza. Husema msichana hayupo, au amekwenda utawani, au ameshachukuliwa na wengine, na huwazulia wageni makosa ya mababu zao. Wageni wanajua ni mchezo, kwa hiyo wanabembeleza, wanaapa, wanaleta hoja, watu wanacheka, na mwishoni tunawapa. Msichana mwenyewe hufichwa ndani mpaka aitwe. Mimi, bila kujisifu, hukataa vizuri sana.

Sasa binti ya Gaudiose, anaitwa Aurore, anasoma ubunifu na uchoraji wa vitabu katika chuo kidogo hapa hapa, ndani ya ghala lililokuwa la kahawa. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi wanafunzi huandaa mhadhara na mdahalo, mlango uko wazi kwa yeyote, na ule wa tarehe 5 ulikuwa wa Kiswahili kwa sababu nusu yao wanatoka Bujumbura, Goma na Mwanza. Aurore alinijia nyumbani akaniita Sogokuru, yaani babu, kama anavyoniita tangu akiwa mdogo. "Sogokuru, tunatafuta mtu wa kuongoza mdahalo. Mtu asiyeogopa kipaza sauti." Nikamwambia kipaza sauti ndicho kinachoniogopa mimi.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa Wanjiku, mchoraji wa vitabu vya watoto kutoka Nairobi, ambaye yuko Kacyiru, mtaa mwingine wa mji huu, kikazi mpaka mwisho wa mwezi huu. Alihutubia dakika arobaini juu ya mguu wa kuku. Alituonyesha miguu ya kuku sitini na minne aliyoichora kabla ya kupata mmoja uliokubali kutembea. Mimi nimefuga kuku Tukuyu tangu utoto na sikuwahi kuitazama miguu yao hata mara moja, nikajiona nimeishi ovyo.

Kisha tukaingia kwenye mdahalo: je, mnyama katika kitabu cha watoto avae nguo au asivae? Kijana Bigirimana akasema fisi asiye na suruali hawezi kuheshimiwa na mtoto. Msichana mmoja, Mutesi, akaruka juu. "Na mkia je? Mkia utautolea wapi?"

"Utakaa mfukoni," akasema Bigirimana.

"Mfukoni! Na ng'ombe naye umemvalisha? Haya, utamkamua kupitia dirisha gani?"

Niliwagawia dakika tatu tatu kwa saa yangu ya mkononi, hakuna aliyempiga mwenzake, na moyoni nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba kama ningezaliwa miaka hamsini baadaye ningekuwa mwanafunzi katika ukumbi ule.

Ndipo Wanjiku akasimama tena. Alisema ameipenda michoro iliyobandikwa ukutani, na kwamba amekuja kuomba mwanafunzi mmoja wa kwenda naye Nairobi kwa miezi sita, akafanye kazi ya vitabu vya kweli. Alikuwa na karatasi yenye majina matano ya atakaowahoji, hakuyasoma kwa sauti, lakini mimi niliyekuwa kando yake nikaona la kwanza ni la Aurore.

Shangazi, hapo mwili wangu uliamka kabla ya akili. Mgeni amesimama, anamwomba binti wa jirani yangu, watu wamekaa kwa safu, kipaza sauti kiko mkononi mwangu, na mama wa binti yuko safu ya pili amevaa nguo yake ya sherehe. Nikamnong'oneza Aurore, "Nenda kangoje chumba cha karatasi," naye akaenda akidhani nina kazi ya kumpa. Nikavuta koti langu likakaa sawa.

"Mgeni wetu, karibu," nikasema. "Lakini babu yako alipita hapa mwaka wa nzige, akaazima jembe, na mpaka leo hatujaliona."

Wanjiku akanitazama. "Babu yangu? Mzee, babu yangu hakuwahi kuvuka Naivasha. Gari lilikuwa linamtapisha."

"Basi alikuja kwa miguu. Na hiyo rangi ya njano unayopaka vitabuni ndiyo iliyokausha mtama wetu."

Wazee wa mtaa waliokuja kusikiliza wakapiga makofi. Gaudiose akapiga kigelegele kifupi cha kunitia moyo. Nikapanda juu zaidi. "Na kama ni Aurore unayemtaka, umechelewa. Ameshachukuliwa. Wamekuja watu wa mbali, tumekubaliana nao, hatuna tena binti wa kukupa."

Nikangoja abembeleze. Hapo ndipo mgeni huvua kofia akaapa kwa jina la mama yake. Wanjiku akasema, "Aah. Pole, sikujua. Basi hatutagombana," akatoa kalamu, na mimi niliyesimama karibu naye nikaona kwa macho yangu akilikata jina la kwanza kwa mstari mmoja, umenyooka bila rula. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali kuhusu karatasi za kuchorea.

Katika harusi arobaini na moja hakuna mtu aliyewahi kukubali. Nikasema, "Tunashukuru," nikakaa.

Wanafunzi walijua ni utani na wakadhani mgeni naye amejua. Walimsimulia Aurore, akacheka mpaka akashika mbavu. Gaudiose alinishika mkono njia nzima: "Muzehe, leo ulimuweza! Ule dada alikosa na ya kujibu!" Ile kalamu niliiona mimi peke yangu. Jumatatu ikabandikwa orodha ya wanne watakaohojiwa Kacyiru tarehe 24, na Aurore hayumo, wala hajayaunganisha mambo haya mawili. Anaamini michoro yake imeonekana mibovu. Amegawa rangi zake kwa watoto wa jirani, na juzi mama yake akaniambia akiwa ng'ambo ya ukuta, "Anasema atakuja kuuza nyanya na mimi. Eti mkono wake hauna kitu. Muzehe, umuongeleshe, wewe anakusikia." Nikamwongelesha. Nilimwambia kwamba hata nyanya zina umbo zuri.

Nikimweleza Wanjiku, nitaonekana mwongo mbele ya mtu aliyekuja kwa wema. Nikimweleza Gaudiose, Nyabugogo yote itajua kabla ya saa nne asubuhi. Na nikimweleza Aurore, atajua kwamba aliyemfungia mlango ni yule anayemwita babu, na mimi sina mtoto, Shangazi, wala mjukuu, na hakuna nyumba nyingine duniani ninakoitwa kwa jina hilo.

Jumatano nilikwenda stendi ya Nyabugogo kuuliza basi la Tanzania. Karani akaniuliza, "Kwenda tu, au kwenda na kurudi?" Nikasimama pale mpaka walio nyuma yangu wakaanza kunisukuma kwa mabegi. Tangu siku hiyo nimefikiri kwa utulivu. Nyumba yetu ya kule sasa ni duka la vipuri, na aliyebaki wa kunijua ni mpwa mmoja anayenitambua kwa picha ya simu. Kwa hiyo niambie la kufanya nikiwa hapa hapa. Tukuyu sitarudi.

Lusekelo

*

Shikamoo, Mzee Lusekelo. Nimekuamkia, sasa kaa chini nikuseme.

Umeniletea kurasa sita za mwandiko mzuri. Fisi amepata suruali yake, kuku wamepata miguu yao, hata karani wa basi amepata nafasi ya kuuliza swali. Aurore anakuja kugawa rangi zake ukurasa wa tano, kwa sentensi moja. Nilikuwa nawasomea wenzangu ofisini kwa sauti na tunacheka, mpaka nilipofika hapo nikaacha kusoma. Hapo ndipo barua yako ilipopaswa kuanza.

Pole, na nasema kwa moyo. Kuitwa babu na mtu ambaye hakulazimishwa na damu ni jambo kubwa, na hofu ya kulipoteza naielewa. Lakini ni babu gani huyu anayemwona mjukuu anaweka kalamu chini, akaanza kumsifia nyanya?

Usiisingizie desturi. Desturi ya kukataa inahitaji pande mbili zinazojua kwamba zinacheza, na kumjulisha mgeni ni kazi ya mwenye nyumba. Wewe ulianza mchezo peke yako. Hata hivyo kosa hilo ni la kuchekesha, mtu anaweza kusamehewa kabla chai haijapoa. Kosa lenyewe lilikuja baadaye, pale kalamu ilipopita. Ulitakiwa kusema, "Dada, natania, mwandike tena." Maneno manne! Usiniambie msemaji wa harusi arobaini na moja aliyakosa. Uliyaona, ukaona na wale wazee waliokuwa wamekupigia makofi, ukachagua makofi. Tangu siku hiyo umekaa kimya, na ukimya huo haumo katika gusaba ya kabila lolote ninalolijua.

Sasa sikiliza. Leo, siyo kesho, nenda kwa Aurore. Usimwite kwako, nenda wewe. Usivae koti. Usianzie mwaka wa nzige wala usitie methali hata moja. Mwambie, "Jina lako lilikuwa la kwanza. Lilikatwa kwa sababu yangu. Niliona, nikanyamaza." Kisha funga mdomo kweli. Akikasirika, mwache mpaka amalize, hata kama atamaliza mwezi ujao. Asipokuita babu kwa muda, itika hilo jina atakalokuita.

Baada ya hapo muulize kama bado anataka kwenda Kacyiru. Uamuzi ni wake, si wako, si wa mama yake. Akisema ndiyo, nendeni kabla ya hiyo tarehe 24. Michoro abebe mwenyewe, na asimame mahali anapoonekana, maana mmeshamficha vya kutosha. Wewe utakaa upande wa waombaji, kiti ambacho kwa hesabu yako hujawahi kukikalia. Mwambie Wanjiku hakuna watu wa mbali, ulitunga, na uliona jina likikatwa. Mwombe radhi kwa ajili yake na kwa ajili ya babu yake, ambaye ulimsingizia jembe. Ukimaliza, toka nje. Mazungumzo ya michoro hayakuhusu, na nakujua, ukibaki utaanza kuyaongoza.

Pengine atakubali. Pengine atasema wanne wanamtosha, na hiyo itakuwa hapana ya kweli, haibembelezwi, haijibiwi kwa hotuba. Itamuuma Aurore. Lakini ataumwa akijua kwamba mgeni alitazama ukuta mzima akamwandika yeye kwanza. Sasa hivi anaumwa kwa uongo, na uongo huo unautunza wewe.

Ukitoka hapo pita kwa watoto wa jirani ukusanye rangi zilizobaki. Ukikuta wamechora ukuta, usiwakemee. Gaudiose mwambie wa mwisho. Atakupigia kelele, soko litajua kabla ya saa nne, utachekwa na wabeba mizigo kwa wiki mbili. Vumilia. Ulipenda kuchekesha watu, sasa wachekeshe bila kipaza sauti.

Jambo moja zaidi. Ulisema nisikufiche jina, nami sijalificha. Na jina lako likishaonekana, hakuna mtu Gikondo atakayeshindwa kujua jirani ni nani na binti ni nani, kwa hiyo hao nao nimewaacha kama ulivyowaandika. Jibu hili nimelituma kwako kwa mkono leo Jumanne, kwa heshima ya umri wako. Gazeti linatoka Ijumaa asubuhi. Una siku tatu za kuwa mtu wa kwanza kumwambia Aurore. Zikipita, nitamwambia mimi.

Shangazi Flaviana