Daktari, Matumbawe Yako Nusura Niyaue

Daktari Awino,

Ni mimi Milka, wa mapokezi. Sasa ni saa saba na nusu. Wagonjwa wa asubuhi wamekwisha na wa mchana hawajafika, kwa hiyo nimefungua kitabu cha miadi upande wa nyuma, kwenye kurasa tupu, niandike. Siku tuliyokuzika kule Uriri nilikuwa na maneno yangu, lakini watu walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na yake, nami nilikuwa jikoni namenya viazi. Imepita miezi minane. Kuna jambo ambalo sitaki libaki kati yangu na ukuta huu. Matumbawe yako nusura niyaue.

Ulikuwa ukisema mgonjwa apewe kiti kwanza, habari baadaye. Basi nianze mbali kidogo.

Unakumbuka nilivyokuja? Nilitoka Magunga kuja kukufagilia kliniki, na wiki ile ya kwanza nikakukuta na pipa la maji ya mvua, unakoroga chumvi kwa mwiko wa ugali. Nikakuuliza kwa adabu, ziwa liko hapo chini, dakika tano kwa miguu, mbona unajisumbua hivi. Ulicheka mpaka ukavua miwani. Ukaniambia hao waliomo kwenye tangi ni wa baharini, ukiwatia maji ya ziwa hawafiki saa nne ya chai. Ulikuwa umefanya kazi Kilifi miaka mingi, na uliporudi nyumbani Homa Bay ulikuja na tangi la kioo refu kama kitanda, wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na vipande vya matumbawe alivyokukuzia rafiki yako Bi Salma. Ukaliweka sebuleni, mbele ya viti vya kungojea. Mtu mwenye jino bovu, ulisema, apate kitu cha kutazama kisichokuwa mlango wa chumba changu.

Mimi nilidhani ni mchezo wa watu wenye nafasi. Halafu nikamwona mama mmoja muuza omena, shavu limevimba, amelia tangu stendi. Alikaa pale akanyamaza. Baada ya muda akaniuliza kama samaki wale huliwa. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi wana bahati," akaingia kwako bila kushikwa mkono.

Ulinifundisha kidogokidogo, tangu kupima chumvi hadi kufuta kioo. Na kaboni. Yale makaa meusi ya chujio, madogo kama majani ya chai, aliyokutumia Bi Salma kwa basi kutoka Mombasa. Nilikuuliza kwa nini ununue makaa mbali wakati makaa yanauzwa kila kona ya mji huu. Ulichemsha strungi, ukaimimina katika glasi mbili ikiwa imepoa, kwenye moja ukatia makaa ya jikoni yaliyopondwa, kwenye nyingine makaa yako, ukaniambia twende nyumbani. Asubuhi glasi ya makaa ya jikoni ilikuwa bado chai. Ile nyingine ilikuwa karibu kuwa maji. Ndipo ukanieleza kwamba yote ni makaa, ila haya yamechomwa tena kwa mvuke mpaka yakawa matundu matupu ndani, na ule uchafu usioonekana, unaoyapa maji rangi na harufu, huingia kwenye yale matundu ukakwama. Matundu yakijaa, yamejaa. Unatoa, unatia mengine. Na kwanza unayaosha kwenye ndoo mpaka maji yasitoke meusi tena, maana vumbi lake likiingia kwenye tangi matumbawe hufunga midomo siku nzima.

Tuligombana mara moja tu, juu ya Sabato. Nilikwambia Jumamosi siji, ni siku ya kanisa. Ukaniuliza, ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato humtoi? Nikasema hao si ng'ombe. Ukasema, "Kwao wao, kila siku wako shimoni." Nikawa napitia baada ya ibada, na gauni langu la kanisa, nawalisha nusu kijiko naondoka. Mpaka leo ndivyo nifanyavyo.

Kisha ukaugua. Pakiti ya kaboni iliisha mwezi ule wa pili wa ugonjwa wako nami sikuagiza nyingine, kwa sababu namba ya Bi Salma ulikuwa nayo wewe, na niliona aibu kumsumbua mtu mgonjwa kwa mambo ya makaa. Niliendelea kubadilisha maji kidogo kila wiki. Nilikuwa nayaona kila siku, kwa hiyo sikuyaona. Nilipokuja kukutazama wodini ukaniuliza maji yakoje, nikakwambia ni safi. Ukataka picha. Nikakuonyesha kwenye simu. Uliitazama sana, ukaivuta karibu na uso, ukasema, "Yamekuwa rangi ya chai, Milka. Usiyaharakishe."

Niliitikia ndiyo. Nilidhani ni dawa zinazokufanya uchanganye maneno. Nilidhani unasema nisikose usingizi kwa ajili ya tangi. Nilikupanguza uso, nikazungumza habari za mvua. Ulifariki Jumanne iliyofuata nami nilikuwa hapa kazini, nawaambia watu kwamba daktari atarudi.

Familia yako iliikodisha kliniki kwa daktari kijana, Daktari Ochieng. Si mtu mbaya. Ana mkono mwepesi na wazee wanampenda. Lakini siku ya kwanza alisimama mbele ya tangi akakunja uso, maana maji yalikuwa ya manjano, kioo kina ukungu, na samaki wanaonekana kama wamo ndani ya chupa ya bia. Alisema kwa upole kwamba pale pangeingia viti vinne. Nikamwomba wiki mbili. Akakubali, akasema anakwenda kumalizia likizo yake, akirudi ataliangalia tena, kisha ataamua.

Nikaomba namba ya Bi Salma kwa dada yako. Nikampigia, akalia kwenye simu, na mimi nikalia. Kabla ya siku nne akaniletea mkebe mzima wa kaboni kwa basi, akasema ni rambirambi yake.

Daktari, nilitia karibu mkebe wote. Wewe ulikuwa ukipima kwa kikombe, kimoja kwa wakati, na hata hicho ulikuwa hukijazi. Nilikijua kile kikombe, kilikuwa pale kwenye rafu. Lakini zilikuwa zimebaki siku mbili, na nilitaka akirudi aone ulichokuwa ukikiona wewe. Niliyaosha vizuri, hilo sikukosea. Nikayatia kwenye soksi za neti, nikaongeza nguvu ya pampu, nikaenda zangu.

Asubuhi nilipofungua mlango nilidhani tangi limevuja, maana sikuona maji. Niliona samaki wamening'inia hewani na lile tumbawe lako laini, lenye umbo la uyoga, limesimama na vidole vyake vyote wazi. Sikuwahi kuliona hivyo hata enzi zako. Kesho yake Daktari Ochieng aliporudi alisahau mkoba mkononi. Akasema hakujua ni zuri namna hiyo, likae. Nilienda msalani nikakushukuru.

Siku ya tatu ncha za matumbawe magumu zikaanza kuwa nyeupe. Siku ya tano lile la waridi alilokupa Bi Salma lilikuwa jeupe lote kama mfupa, na tumbawe la uyoga limejikunja likawa ngumi. Nikafikiri ni sumu. Nikabadilisha maji, nikatia kaboni iliyobaki. Nikazidisha, unaona? Ndipo nikampigia.

Bi Salma aliniuliza mambo mawili tu: nilitia kiasi gani, na taa ziko umbali gani. Nikamwambia.

"Mwanangu," akasema, "ile rangi ya chai ilikuwa pazia. Miezi yote hiyo wamekaa kwenye kivuli. Umelivuta pazia mara moja, taa imewapiga usoni."

Nilikaa chini pale sakafuni, mbele ya wagonjwa, nikalia. Si kwa ajili ya matumbawe. Ni kwa sababu nilikusikia, Daktari, na picha ile karibu na uso wako. Ulijua. Ulikuwa na akili zako zote siku ile, na mimi nikakupanguza uso kama mtoto nikakusimulia mvua.

Aliniagiza nitoe kaboni yote nibakize konzi moja, niinue taa, nipunguze saa za mwanga, kisha nirudishe taratibu kwa wiki. Taa zisingeinuka bila fundi. Ilinibidi nimwambie Daktari Ochieng ukweli wote, pamoja na kwamba nililing'arisha ili nimshawishi yeye. Nilijua anaweza kusema haya, toa. Alinisikiliza, akaingia chumbani kwake, akatoka na waya za kunyooshea meno na koleo ndogo, akapanda juu ya kiti na viatu vyake vizuri, akazisokota waya tatutatu akazining'iniza taa juu zaidi, karibu mikono miwili. Alisema meno pia ukiyavuta kwa haraka hung'oka.

Lile la waridi lilikufa. Na jingine dogo la kona. Mengine yalirudi rangi polepole, kahawia kwanza. Tumbawe la uyoga lilikaa ngumi wiki tano. Kisha likavua ngozi nyembamba kama nta, na nikaacha ile konzi ya kaboni iyanyonye majimaji linayotoa linapovua, kama ulivyonifundisha. Alhamisi iliyopita lilifungua vidole. Si vyote.

Sijalia mbele ya mtu tangu siku ile ya sakafuni. Lakini nataka ujue kwamba nilikudanganya wodini kuhusu maji, na kwamba ulipoaga sikuwepo. Sina namna ya kulirekebisha hilo. Ninaliandika tu likae mahali.

Jana nilipigiwa simu kutoka Uriri. Ni mama yako. Gego lake la chini linamsumbua, naye amekataa kwenda kwingine. Anakuja Jumatatu. Ameniambia hajawahi kuliona hilo bakuli la bahari ulilokuwa ukimsimulia. Kila mara ulipomwita alikuwa na mahindi shambani. Nimemwandika wa kwanza, kabla ya watu kujaa.

Nakuahidi hivi. Nitamkalisha kiti cha katikati, nizime televisheni, nimwache atazame kadiri anavyotaka, na Daktari Ochieng angoje. Akiniuliza kipi kilikuwa chako, nitamwonyesha.

Pumzika, Daktari wangu. Mlango unabishwa, nakwenda kufungua.

Milka