Mtoto wa Chumba D9

Kware, Embakasi,
Nairobi.
14 Juni 2025.

Mpendwa wangu Anti Awiti,

Nakuandikia nikikuwazia umekaa nje kwenye jua la asubuhi, miguu umeinyoosha kama ulivyoambiwa hospitalini, na kikombe cha chai kiko karibu. Magoti yanasemaje? Na lile sikio la kushoto? Mama ameniambia simu huitaki tena, kwamba watu wanapiga kelele nawe unaitikia tu usichokisikia. Basi nimeona nikae niandike. Patrobas, jirani wa ploti yetu, anakuja Kitale kuwaona wazazi wake na amekubali kunibebea barua.

Sisi tu wazima. Okoth wangu bado yuko pale pale kwa karakana ya kuchomelea milango. Seth ameota meno mawili ya juu kwa mpigo, na nyumba nzima imeyaota pamoja naye. Nimechoka, Anti, sitakuficha. Juzi nilitia chumvi kwenye chai badala ya sukari na nikaimaliza kabla sijajua. Sasa hivi ni mchana, mtoto amelala, nami nimekaa karibu na mlango ndipo penye mwanga.

Najua umeshasikia kuwa nimesimamishwa kazi. Huenda hata umeambiwa ni kwa sababu ya sabuni. Sikuiba sabuni ya mtu. Nataka usikie habari yenyewe kutoka kwangu.

Tangu Machi nimekuwa na watu wanaofanya utafiti wa jinsi watoto wanavyokua kwenye haya maghorofa ya mtaa wa Pipeline. Kila mwezi napanda ngazi na mzani mgongoni, nampima mtoto uzito, namtoboa kidole na kuchukua tone la damu, naandika kwenye simu ya kazi, halafu namwachia mama vipande viwili vya sabuni kama ahsante. Lakini kabla ya yote, mama husomewa fomu ya idhini, kurasa nne, aelewe na aweke sahihi mwenyewe. Anaweza kukataa na hakuna wa kumuuliza kwa nini.

Siku ya kwanza niliposhika ule mzani nilikukumbuka hadi nikacheka peke yangu ngazini. Unakumbuka Jumatano zetu kliniki ya kanju, ile ya baraza la jiji? Nilikuwa na miaka saba, shule zimefungwa, nawe hukuwa na mtu wa kuniachia. Ulivaa lile gauni lako la kazi la kijani, lililopigwa pasi likakaribia kusimama lenyewe. Mzani ulining'inia kwenye boriti, na mtoto akivalishwa ile kaptula ya turubai alirusha miguu kama aliyetupwa mtoni. Mimi nilishika kadi. Nilijiona mkubwa sana. Hadi leo nikinusa dawa ya kusafishia sakafu nakuona umeinama, unangoja mtoto atulie ndipo usome.

Mwezi uliopita nilipita kwenye nyumba zile za reli tulikokuwa tukikaa. Mlango wetu sasa ni wa buluu. Kuna mtu ameanika nepi pale pale tulipokuwa tukianika, na nikasimama kama mjinga hadi mama mmoja akaniuliza natafuta nani.

Kitu kimoja cha Jumatano zile kimenirudia sana siku hizi. Uliwauliza kina mama wote, "Huyu ni nani?" hata wale wa mlango wa pili ambao watoto wao uliwajua kuliko mimi. Nilikucheka. Ukaniambia unataka jina litoke kinywani mwa mamake kabla hujaandika. Mimi, Anti, sikuuliza hivyo.

Nilipoanza kazi nilipewa nyumba za msichana aliyeacha. Wale kina mama walikuwa wamesaini tayari, nami sikuwahi kuwaona. Chumba D9 alikuwa Shiru na mtoto wake wa miezi kumi. Unajua huku mwisho wa mwezi ulivyo. Mmoja anashusha kitanda ngazini, mwingine anapandisha chake, na jioni pazia ni jipya lakini nambari mlangoni ni ile ile. Keateka mwenyewe, anayelitunza jumba, huwaita watu kwa nambari. Nami nikapiga hodi nikasema, "Sisi ni wa utafiti. Mtoto wa D9 yuko?" Mama aliyefungua akasema yuko, karibu. Mtoto alikuwa wa umri ule ule. Nikapima. Nikatoboa kidole. Mwezi wa Aprili nikarudi nikafanya tena.

Mwezi wa Mei Shiru akanipigia kwenye simu ya kazi kutoka Komarock. Alikuwa amekasirika. Amepata ujumbe kwamba damu ya mtoto wake iko chini sana ampeleke kliniki haraka, amekimbia na mtoto, ameshinda siku nzima kwenye foleni, na mtoto amepimwa hana neno. Akaniuliza nimempimia wapi mtoto wake, maana wao walihama Februari.

Nilikaa kwenye ngazi, Anti. Kulikuwa na mtoto asiye na damu pale D9, na habari yake ilikuwa imekwenda kwa mama mwingine.

Siku hiyo hiyo nilirudi. Yule mama anaitwa Mirriam, na mtoto ni Ndindi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Hakunipigia kelele, lakini aliniangalia hivi hadi nikainama. Akasema, "Wewe ndiwe uliuliza mtoto wa D9. Kwani huyu ni wa wapi?" Baadaye njiani kwenda kliniki akaniambia kweli alishuku, maana nilipokuwa nikiandika nilimwita Shiru. Ila alikuwa ameona mtoto hachangamki, hali chakula, na hapa kuna mtu mwenye mzani mlangoni. Mimi nilikuwa na Seth mgongoni, sikuwa na la kumlaumu.

Ndindi akapewa dawa ya kuongeza damu na mamake akaonyeshwa vyakula vya kumpa. Hilo lilikwisha vizuri. Lililobaki lilikuwa langu.

Msimamizi wetu ni Muriuki, mtu wa watu, ndiye aliyeniahidi kazi hii nilipokuwa na mimba ya Seth na kila mahali wananiambia nirudi nikishazaa, na Machi akatimiza. Nilipomweleza hakukasirika. Aliona ni kitu kidogo. "Winny dada yangu, usijichome. Mama yuko, mtoto yuko, damu ni yake. Asaini tu fomu, uandike tarehe ya Machi, tumpe nambari mpya, maisha yasonge." Akanikumbusha mkataba unaisha Julai na kuna awamu ya pili, na wanaotazamwa kwanza ni wale wasio na doa.

Nililifikiria, sitakudanganya. Nililifikiria siku mbili nikifua nguo. Nilijiambia nani ataumia, mtoto keshatibiwa. Lakini kila nikifika kwenye ile tarehe ya Machi nakwama. Machi sikumwomba Mirriam ruhusa. Nilimtoboa mtoto wake kidole, nikabeba damu, na hakujua inakwenda wapi. Nikimwandikia leo kwamba alikubali siku ile, nimemtia maneno mdomoni mama wa watu, na wale madaktari watakaosoma wataamini. Nikamwambia Muriuki samahani, hiyo siandiki. Alitikisa kichwa akasema basi, mimi ni mkaidi. Bado tunasalimiana.

Nilikwenda ofisini kwa Daktari Idil, mama aliyeanzisha utafiti wenyewe. Niliandika kosa langu ukurasa mzima kwa mkono, tarehe zote mbili, jina la Shiru na la Mirriam. Alisoma mara mbili. Akaniambia vipimo vile vya miezi miwili vitaondolewa, habari itapelekwa kwa kamati yao ya maadili, na mimi nisiende tena kwenye nyumba za watu hadi kamati ikae. Hakunitukana wala hakunipaka mafuta. Akauliza tu kama yule mama ameombwa msamaha na ofisi, siyo na mimi peke yangu. Nikasema bado.

Basi Jumanne tulikwenda pamoja, mimi nikiwa wa kumwonyesha njia. Daktari aliomba msamaha. Kisha akasema kama Mirriam anapenda, mtoto anaweza kuingia kwenye utafiti kuanzia leo, kwa tarehe ya leo, na asipopenda dawa za Ndindi haziguswi. Akanipa fomu niisome mimi, kwa kuwa Mirriam alisema Kiswahili changu anakielewa.

Nilisoma polepole kurasa zote nne. Mirriam alinikatiza mara tatu. Damu inawekwa wapi? Kwa muda gani? Nani mwingine ataiona? Daktari akajibu kila moja. Nilipomaliza, Mirriam alichukua ile fomu akaigeuza nyuma kama anayetafuta kilichofichwa, akanirudishia.

"Nimeelewa. Mimi nakataa," akasema. "Na wewe, Mama Seth, uje unisalimie siku yoyote, lakini uje bila mzani."

Daktari akamshukuru. Mimi nikaandika "amekataa", na tarehe, mkono ukiwa mwepesi kabisa. Nimewasomea fomu ile kina mama kumi na tisa tangu Machi, Anti, na wote walikubali kabla sijafika ukurasa wa pili. Huyu ndiye wa kwanza kunisikiliza hadi mwisho.

Kamati inakaa mwisho wa mwezi. Sijui watasema nini, na Okoth ameacha kuniuliza.

Nisalimie Mjomba Obonyo na umwambie asibebe magunia kwa mgongo ule. Mungu akulindie magoti, akupe usingizi mzito na mvua ya kutosha shambani. Seth ameamka, ananivuta kalamu.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye,

Winny Amolo