Udongo wa Campo Sereno

Singida Mjini,
6 Machi 2026.

Mpendwa dada Nasma,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Abdulrazaki na mtoto, na kwamba swaumu inakwenda vizuri huko Manyoni. Sisi huku ni wazima wa mwili. Kabla ya habari nyingine, acha niliseme lililonifanya nishike kalamu, maana nikilizungusha nitaishia kukuandikia habari za mvua. Dada, ule udongo alioleta baba kutoka Brazili hautoki kwenye kaburi la kaka Mansuri. Umetoka kwenye kaburi la mama mmoja wa kule, jina lake Terezinha. Baba hajui. Mama hajui. Sijamwambia mtu yeyote, wewe ndiye wa kwanza.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumbani unaijua, mama huweka sauti ya juu ili kila aliyepo asikie, na mimi kwa mdomo siwezi. Unanijua tangu utoto, natumwa chumvi dukani narudi mikono mitupu kwa sababu nilikuta watu wengi. Kwa hiyo nimempa barua Yustina, jirani yetu, anayekuja huko kumwona mdogo wake. Bahasha nimeigundisha mara mbili.

Safari najua baba amekusimulia, lakini alikusimulia aliyoyaona yeye. Kaka alipofariki kule mwaka ule wa 2021, ndege zimesimama kwa sababu ya korona, sisi tuliletewa picha moja tu ya tuta la udongo, tukasoma khitma bila maiti. Tangu siku ile mama alikuwa na ombi moja, kwamba atakayefika kule amletee udongo wa alikolala mwanawe, aufukie kijijini Iguguno karibu na kaburi la bibi. Baba alimuuliza shehe, akaambiwa dua inafika popote, haina haja ya udongo. Mama akajibu kwamba dua ni ya Mungu, udongo ni wa kwake yeye. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka huu Waislamu wa kule walipotutumia tiketi mbili tukachukue vitu vya kaka, na mguu wa mama ukamkatalia, ikaamuliwa niende mimi. Baba alisema nyumba hii ina msomaji mmoja, na msomaji ni Hanifa.

Kutoka jiji la Curitiba tulipanda basi kama saa nzima. Maghorofa yakaisha, ikaja milima midogo ya kijani na miti mirefu isiyo na matawi mpaka kileleni, kama miavuli iliyopinduliwa na upepo. Campo Sereno ni mji mdogo, dada. Una barabara moja ya mawe, kanisa, duka la mikate, na nyumba fupi zenye mageti na mbwa nyuma ya kila geti. Wanawake hufagia mbele ya nyumba zao hata kama yameanguka majani matatu. Ukimya wake si kama wa kwetu. Iguguno kukiwa kimya unasikia ndege na ng'ombe, kule unasikia friji ya jirani.

Baba aliwasalimia wote njiani, habari za asubuhi, nao wakamjibu kwa lugha yao wakicheka. Akaniambia unaona, Kiswahili kinafika. Kando ya barabara kulikuwa na manyoya meupe yamenasa kwenye majani, yanadondoka kutoka kwenye malori ya kiwanda cha kuku. Baba aliokota moja akaligeuzageuza, akasema kuku wa hapa wote wamevaa sare, hakuna mwekundu wala wa madoa, mteja wangu wa kuku pale stendi ya Singida angeuliza wanaumwa nini. Nilicheka. Ndiyo siku ya mwisho niliyocheka na baba bila kujilazimisha.

Tulipokewa na Momade, kijana wa kaskazini mwa Msumbiji anayechinja kuku kwenye kiwanda kilekile alichofanyia kazi kaka. Kiswahili chake ni cha pwani, kinaimba. Yeye alifika mji ule baada ya kaka kufariki, na waliomzika walishahamia viwanda vingine. Alitupikia wali na maharage meusi, baba akasema kumbe hawa nao ni watu wa wali maharage, kaka yenu hakupata shida. Kisha akataka kujua kazi yenyewe ilikuwaje. Momade akaeleza kwamba kuku hupita wakining'inia kwenye minyororo, na mchinjaji amesimama palepale, kila kuku anayepita anamtajia jina la Mungu, kila mmoja, hata ulimi ukikauka. Baba akauliza ni wangapi kwa siku. Momade akataja maelfu. Baba akaacha kula. Baadaye akasema, basi mwanangu amelitaja jina la Mungu katika mji huu kuliko mtu yeyote.

Vitu vya kaka vilikuwa kwenye sanduku dogo. Kanzu mbili, kofia, picha ya harusi yako, na daftari alilokuwa akijifunzia Kireno. Upande mmoja neno lao, upande wa pili la kwetu, kwa ule mwandiko wake wa kulalia kushoto. Nimelichukua mimi.

Siku ya pili Momade alikuwa zamu ya asubuhi. Tulikubaliana tumsubiri, lakini baba hakuweza kukaa. Alisema ameshasubiri miaka mitano, hawezi kusubiri mpaka saa nane. Tukapanda kilima nyuma ya kanisa, ambako ndiko makaburi ya manispaa. Getini pana bomba la maji, baba akakaa kutawadha, akanituma ofisini nikaulize sehemu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye Kizungu.

Ofisini kulikuwa na mama mmoja wa makamo, Ivone. Tuliongea kwa simu yangu, yeye anaandika Kireno, simu inageuza. Nikampa jina la kaka na tarehe. Akatafuta kwenye kompyuta, kisha akavua miwani. Akaandika, na simu ikaonyesha Kiswahili kibovu ambacho nilikielewa chote: mtu huyu hayupo tena mahali pake.

Dada, kule kaburi la manispaa ni la miaka mitatu. Ikiisha, ndugu wanakuja kuichukua mifupa na kuiweka kwenye vijumba vya ukutani. Ndugu wasipotokea, mifupa inawekwa pamoja na ya wengine wasio na mtu, na nafasi inapewa mwingine. Kwao si ubaya, Ivone aliniambia hata mama yake mzazi alihamishwa hivyo. Ule upande walipomzika kaka umechimbwa wote, umejengwa ukuta. Akanishika bega akanipeleka nyuma ya kikanisa kidogo. Pana sakafu ya saruji yenye mfuniko wa chuma, na nta ya mishumaa imeganda pembeni. Akaelekeza kidole. Nikapiga magoti nikaweka kiganja, saruji ilikuwa ya moto kwa jua. Nikasoma Fatiha haraka haraka kama mtu anayeiba. Hapakuwa na udongo wa kuchota, dada. Hata punje.

Nikamsikia baba ananiita, akiuliza kama nimepaona. Alikuwa amesimama njiani, mikono ya kanzu ameikunja, maji yanamdondoka ndevuni, na mkononi ameshika lile kopo la siagi mama alilolisugua mpaka likang'aa kwa ajili ya udongo. Nilifungua mdomo niseme. Nikaliangalia kopo. Nikasema ndiyo baba, nimepaona.

Nilimpeleka kwenye mstari wa makaburi mapya, nikachagua moja lisilo na msalaba, lenye majani yaliyokatwa vizuri na maua ya plastiki. Pana kibao kidogo cha bati. Unajua baba anasoma herufi za msahafu tu. Akaniambia soma. Kibao kiliandikwa Terezinha, amezaliwa 1941, amefariki 2024. Mimi nikasoma, Mansuri Haji, amezaliwa Singida, Tanzania. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Akauliza maua kayaweka nani. Nikasema wenzake wa kiwandani. Akayanyoosha moja moja, akayafuta vumbi kwa kofia yake. Kisha akakaa chini akasoma Yasini yote kwa moyo, na alipomaliza akaongea na kaka. Alimwambia mama yako anakusalimia, mguu ndio umemzuia. Alimwambia meza yake ya kuchinjia pale stendi bado ipo, hajampa mtu, huku akichota udongo kwa mkono na kuutia koponi.

Akiwa bado anaongea, akaja mzee mmoja wa Kizungu mwenye ndoo ndogo ya kumwagilia na ua moja jekundu. Akasimama hatua chache kutoka tulipo. Akamwangalia baba anavyolia pale chini, akaniangalia mimi. Nilijua ni nani, dada. Nilisubiri aseme. Alivua kofia yake, akakaa hivyo mpaka baba alipoinuka, kisha akamwinamia kidogo, akaweka lile ua juu ya kaburi na kuondoka bila kugeuka. Hii ndiyo habari baba anayomsimulia kila mteja, kwamba hata wazee wa mji ule humpelekea Mansuri maua. Umeisikia mara ngapi? Sasa unajua ua lilikuwa la nani.

Nimefika mahali mkono unapokataa. Kuna karatasi moja ofisini sikuitaja. Nilipomuuliza Ivone kwa nini hatukuambiwa, alitoa nakala ya barua waliyotutumia. Juu ina muhuri wa bluu wenye ule mti wa mwavuli, na chini ya muhuri sanduku la posta la baba, Singida. Muhuri ule niliujua kabla hajaiweka mezani.

Unaikumbuka ile Ijumaa ya 2024, umekuja na mtoto bado mchanga, sebuleni wamejaa watu waliotoka msikitini? Baba aliingia na bahasha ya Brazili, akanipa mbele ya wote, akasema leo tukisikie hicho kidato cha tatu. Mimi nikaifungua nikaona maandishi yanafanana na Kiingereza lakini si Kiingereza. Sikuelewa hata mstari. Nilipokawia, mzee Alute akasema kwa utani, au shule imemwishia? Watu wakacheka. Dada, nilichotakiwa kusema ni sijui. Neno moja. Nikashindwa, nikaanza kusoma. Nikasema wanatupa pole, wanasema kaburi linafagiliwa kila mwezi, wanasema tusiwe na wasiwasi. Mama alilia akaomba nirudie, nikarudia, na wewe ukasema afadhali, angalau kuna wanaomwangalia.

Barua ile ilisema tujibu ndani ya siku tisini. Haikutaka tusafiri. Ilitaka tuseme tu kwamba tupo. Wangemhamishia kwenye kijumba chake na jina lake juu. Niliificha ndani ya daftari la Baiolojia nikisema nitampelekea mwalimu anitafsirie, kisha nikaona aibu, kisha nikaacha kulifungua daftari. Juzi nimeitoa. Nimekaa nayo na daftari la kaka pembeni, neno kwa neno. Neno la kujibu limo humo, ukurasa wa nne. Aliliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake.

Sasa kopo liko chumbani kwa mama, kwenye kile kimeza cha dawa. Kila akimaliza alfajiri analisalimia kwa Kinyiramba, anamwambia mwanawe umeamkaje. Nami namwombea Terezinha, kwa sababu amesafirishwa mbali na mzee wake bila kuulizwa.

Jumamosi ya kwanza baada ya Idd, kama ulivyoambiwa, tunakwenda wote Iguguno, udongo ufukiwe. Matokeo yangu yametoka, nimepata daraja la pili, na baba ameshatangaza kwamba siku hiyo Hanifa atasimama mbele ya watu asome kilichoandikwa kwenye kibao cha kaka. Nimekataa mara mbili. Anasema aibu gani hiyo, msomi wangu, si ulisoma vizuri kule? Itakuwa mara ya tatu kusoma kisichoandikwa. Nimefikiri sana kusema kweli, dada. Lakini kila nikifika mlangoni namsikia mama anaongea na kopo, narudi. Nitasoma. Ninachokuomba ni usimame karibu yangu siku hiyo, bega kwa bega, ili kuwe na mtu mmoja anayejua mimi nasoma nini.

Msalimie sana shemeji, na umshike mtoto mikono kwa niaba yangu. Mama anasema uje na kitenge kizito, Iguguno asubuhi kuna baridi. Alizeti huko zimechanua zote, utapenda.

Barua hii usiichome. Ifiche mahali pako, maana ndiyo karatasi pekee upande huu wa dunia inayosema kaka alipo: makaburi ya manispaa ya Campo Sereno, nyuma ya kikanisa, chini ya mfuniko wa chuma. Siku baba na mama hawapo, mmoja wetu aende akalisome jina lake pale. Mpaka siku hiyo nakuomba, dada yangu, usimwambie mtu. Hata shemeji. Hata mimi tukionana usiniulize. Nishike mkono tu.

Mdogo wako,
Hanifa