KIKAO CHA KUIPIMA ALIMENTASIO YA LAURETTE

CHAMA CHA MAFUNDI WA KOMPYUTA, NYAWERA
Ibanda, Bukavu

Kikao cha dharura cha kamati, Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024, katika atelier, yaani karakana, ya Maman Consolate.

Waliohudhuria: Maman Consolate (Mwenyekiti), Papa Télesphore (mshauri wa ufundi), Laurette (mjumbe), Didier (mjumbe), Fabien (Katibu).

Hakuhudhuria: Christophe. Yuko Kamituga kikazi, alitoa taarifa.

KUMB. NA. 1/09/2024: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana, baada ya sala iliyoongozwa na Didier. Alieleza kwamba kituo kimoja cha afya cha kisiwa cha Idjwi kinataka alimentasio mpya za kompyuta za maabara, yaani vile visanduku vinavyogawa umeme ndani ya kompyuta. Kituo kimeomba chama kiseme ni aina gani ya bei nafuu inayofaa. Laurette amependekeza aina moja na Papa Télesphore ameipinga. Kwa kuwa jibu linaondoka na boti ya Jumatatu, jambo hili lisingeweza kungoja kikao cha kawaida.

KUMB. NA. 2/09/2024: MALALAMIKO YA PAPA TÉLESPHORE

Papa Télesphore alieleza kwamba kabla ya kufika kwenye alimentasio, anataka kujua kwa nini ombi la Idjwi lilimtaja Laurette kwa jina, wakati miaka yote ni yeye aliyewapimia vyombo vyao. Alisema: "Uyu mutoto, ni mie nilimufundishaka kushika fer à souder, kile chuma ya kuchomea waya. Leo batu banapita mbele ya mulango yangu, banauliza, Laurette iko wapi? Na mie niko nimeikaa pale, banazani niko sentinelle wa kulinda mulango."

Mwenyekiti alimkumbusha kwamba ajenda ni alimentasio. Papa Télesphore alijibu kwamba ajenda anaijua.

Didier aliuliza kama angelalamika vilevile iwapo aliyetajwa angekuwa yeye, Didier. Papa Télesphore alijibu: "Weye habawezi kukuita." Swali hilo halikuendelezwa.

Laurette aliweka mezani kisanduku kimoja cha aina aliyoipendekeza.

KUMB. NA. 3/09/2024: KUPIMA ALIMENTASIO

Laurette alifungua kisanduku mbele ya wajumbe, akaonyesha kwamba soudure, yaani maungio ya risasi, ni safi, waya si nyembamba, fizibo ya kukata umeme ukizidi ipo na feni inazunguka bila kelele. Alionyesha pia kondansateri kubwa, ile inayotunza umeme kidogo ili kompyuta isizimike mara moja umeme unaposhtuka. Kisha alikiunganisha na kompyuta ya Mwenyekiti na kukibebesha mzigo mkubwa. Umeme ulibaki palepale. Didier alipiga makofi, akaombwa aache.

Papa Télesphore aliomba naye akishike. Alikaa nacho muda mrefu kuliko wote, akikinusa na kugusa kila kitu kilichomo kwa ncha ya kidole. Mwenyekiti alimwambia kwamba inaonekana wazi anatafuta kosa. Alijibu: "Ndiyo, niko natafuta."

Baadaye alisema ile kondansateri kubwa ni nyepesi mno kwa unene wake, na kuna kitu kinacheza ndani. Aliomba ikatwe. Mwenyekiti alikataa, kwa kuwa kisanduku ni mali ya Laurette na kimeshafaulu. Didier alisema hapa hakuna kondansateri, kuna wivu tu. Papa Télesphore alisema vyote viwili vipo.

Kura zilipigwa. Pendekezo la Laurette lilikubaliwa, Papa Télesphore peke yake akipinga. Alivaa koti lake lakini hakuondoka.

KUMB. NA. 4/09/2024: LAURETTE AOMBA NENO

Mwenyekiti alipokuwa karibu kusaini jibu, Laurette aliomba neno. Alisema tangu afungue atelier yake Papa Télesphore hajawahi kuingia hata kumsalimia, na hilo linamuuma. "Lakini kwa mambo ya kazi," alisema, "papa hajanidanganyaka hata siku moja."

Alichukua koleo yeye mwenyewe, akaing'oa kondansateri na kulikata ganda lake. Ndani yake mlikuwa na kondansateri nyingine, ndogo kama kidole cha mwisho, imezungushiwa karatasi ili isigongegonge.

Papa Télesphore alieleza, bila kumtazama mtu, kwamba hiyo ndogo inatosha pale umeme unapotulia, kama ulivyotulia leo. Ukishtuka kidogo tu, kompyuta inazimika, na majibu ya mgonjwa yaliyokuwa yakiandikwa yanapotea. Umeme wa huku wajumbe wote wanaujua.

Laurette alisema aliangalia ganda likampendeza, hakuupima uzito wake kwa mkono.

Iliamuliwa: kibali kilichotolewa katika KUMB. NA. 3 kimefutwa. Itatafutwa aina nyingine, na kondansateri yake itakatwa kabla ya kura kupigwa. Didier aliomba radhi kwa sauti ndogo. Mwenyekiti alimwomba arudie, naye alirudia.

KUMB. NA. 5/09/2024: SAFARI YA IDJWI

Laurette aliomba Papa Télesphore aende naye Jumatatu kuwaeleza watu wa kituo kwa nini wasubiri. Papa Télesphore aliuliza ni nani atakayesema huko. Laurette alijibu: "Ni weye, papa. Mie baliniita. Nitabaambia basikilize weye."

Papa Télesphore alivua koti, akakaa, akasema ataenda. Kisha alimgeukia Katibu: "Andika nitaenda. Usiandike wivu imeisha. Iko."

Imeandikwa alivyosema.

Hapakuwa na neno lingine. Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa uvumilivu na kikao kilifungwa saa kumi na nusu jioni.

Maman Consolate, Mwenyekiti: (sahihi)
Fabien, Katibu: (sahihi)